Spika Ndefu, Chumba Chembamba

Ukiingia duka la vyombo vya umeme hapa Mombasa ukasema wataka spika kubwa za sebuleni, huulizwi sebule yako ina urefu gani. Waulizwa bajeti, kisha wafunguliwa wimbo. Na wimbo wenyewe, duka hili na lile, ni wa mtindo mmoja: ngoma nzito inayokugonga kifuani, vikengele vinavyometa juu, na katikati patupu. Vioo vya kabati vyatetemeka, muuzaji atabasamu, na mnunuzi mkono ushaingia mfukoni kabla hajasikia mtu akitamka neno.

Kazi yangu ni hesabu, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Spika ni mapenzi tu, lakini mapenzi hayo yamenifanya niwe mtu wa kuitwa kila jamaa anapotaka kununua. Mara hii aliniita kakangu, aliyemaliza nyumba yake Bamburi na kutaka sebule itakayosikiliza taarabu jioni na kugeuka sinema usiku. Alitaka tolboi, zile spika ndefu zinazosimama sakafuni zenyewe. "Kubwa, Bi Hesabu," aliniambia kwa simu. "Sitaki mchezo."

Tulianzia Digo Road, tukashuka Moi Avenue, na katikati ya mzunguko nikapitia Biashara Street kununua leso. Kakangu alidhani nimechoka na spika. Leso ilikuwa na kazi yake, nitaifikia.

Katika duka la kwanza nilimuuliza kijana spika zile ni za omu ngapi, yaani ukinzani wake kwa stima. Akamjibu kakangu. Nikauliza kama ukingo wa wufa, ile koni ya besi, ni wa mpira au wa sponji. Akamjibu kakangu tena: "Hizi orijino, bwana mkubwa." Bwana mkubwa, ambaye omu haijui hata kwa sura, akatikisa kichwa kwa heshima. Nimezoea. Huwaacha wamalize hotuba, kisha naomba jambo moja tu: "Mwanangu, shusha sauti mpaka tuweze kuongea, halafu unitafutie taarifa ya habari."

Hapo ndipo duka hunyamaza kidogo. Hakuna anayeuza spika kwa taarifa ya habari.

Sababu ya kushusha sauti ni hii. Sikio la binadamu halisikii besi sawasawa na sauti nyingine. Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, besi na sauti nyembamba za juu kabisa hupungua masikioni kwa kasi zaidi kuliko zile za katikati, sauti ikipanda, zarudi. Kwa hiyo spika yoyote ikifunguliwa sana huonekana imenenepa na kung'aa, hata ile mbovu. Muuzaji hajui majina hayo mawili, lakini ajua kidole chake kiende wapi. Na wewe nyumbani, usiku watoto wamelala, utaisikiliza kwa sauti ndogo siku nyingi kuliko kubwa. Ikiwa spika yahitaji kupigiwa kelele ndipo iseme kitu, afadhali ujue ukiwa bado na pesa zako.

Na sababu ya taarifa ya habari ni kuwa sauti ya mtu mzima wa kiume huanzia karibu hezi 85 hadi 180, yaani mitetemo kwa sekunde, na hapo ndipo masanduku makubwa ya mbao duni hupenda kuvuma. Herufi ya s iko juu, hezi 4,000 na kuendelea, mahali ambapo twita rahisi, kile kispika kidogo cha sauti za juu, hukwaruza. Katikati, mara nyingi kati ya hezi 2,000 na 3,000, wufa huikabidhi twita kazi, na makabidhiano yakiwa mabaya msemaji hubadilika mtu katikati ya sentensi. Wimbo wa duka huficha yote matatu. Msomaji wa habari hawezi kuficha, kwa kuwa sote twajua mtu akiongea huwa vipi. Tumeufanya mtihani huo tangu tuzaliwe. Pale dukani, spika zile za orijino zilipoachiwa habari, bwana yule alisoma kama mtu aliyetia kichwa ndani ya mtungi. Kakangu alinitazama. Sikusema kitu.

Wati nitazipitia upesi, kwa sababu hazistahili muda zinaopewa. Ukiona kwenye boksi wati 12,000 na herufi PMPO pembeni, yaani eti nguvu ya kilele, tazama plagi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13, na stima ya nyumbani ni volti 240. Zidisha: wati 3,120, na hapo fyuzi iko ukingoni. Hizo nyingine zatoka wapi? Geuza chombo nyuma usome kibandiko cha matumizi ya stima. Mara nyingi hazifiki hata 200. Kinachofaa kuulizwa ni wepesi wa spika yenyewe, yaani ukiipa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni wati moja, yatoa desibeli ngapi, kipimo cha ukubwa wa sauti, umbali wa mita moja. Moja itakuambia 85, nyingine 91. Tofauti ya desibeli sita yaonekana ndogo karatasini, lakini kila desibeli tatu zadai nguvu maradufu, kwa hiyo ile ya 85 itataka amplifaya yenye nguvu mara nne ili ilingane na mwenzake. Na omu zikishuka hadi nne, amplifaya rahisi huchemka. Kwa joto la Februari la Mombasa, ndani ya kabati ya televisheni isiyo na pumzi, itachemka zaidi.

Sasa ukubwa. Ukubwa una maana, sitaki mtu anielewe vibaya. Besi ni kusukuma hewa, na hewa husukumwa na eneo la koni na umbali inaotembea. Wufa mbili za inchi sita na nusu zina eneo kubwa kuliko moja ya inchi nane, ndiyo maana tolboi nyingi za siku hizi ni nyembamba zenye wufa mbili tatu zilizopangana. Kisha sanduku: kuna kanuni inayoitwa ya Hofmann, ya mhandisi wa Marekani, isemayo kwamba kati ya sanduku dogo, besi ya chini na wepesi wa spika, waweza kuchagua viwili tu. Cha tatu utakilipa. Spika ndefu ni mtu aliyeamua kulipa kwa nafasi ya sakafu ili apate vile viwili vingine. Hicho ndicho ukubwa unachonunua: besi inayoshuka zaidi, na utulivu sauti inapokuwa kubwa. Haukununulii sauti ya mtu iliyo safi zaidi. Twita ya spika ndefu na ya ndogo ya ukoo mmoja, yaani toleo moja la kampuni moja, mara nyingi ni ile ile.

Kwa hiyo ukilipia urefu, hakikisha urefu umejengwa. Gonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, katikati ya ubao, pale mbali na kona. Ukisikia ngo-o-o ndefu, sanduku litaimba lenyewe kila mwimbaji akigusa noti hiyo. Ukisikia tk fupi, ndani mna vijiti vya kukazia. Iinue pia. Spika inayokufika kiunoni ukainyanyua kwa mkono mmoja, ndani kuna hewa na sumaku ndogo. Nimeiona moja yenye duara tatu usoni, mbili zikiwa pambo, nyuma hazina waya. Nilipoomba ruhusa nifungue nichungulie ndani, muuzaji akakumbuka ana simu ya kupiga.

Turudi kwa leso. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti waliokuwa wakifanya kazi Harman, kampuni ya spika huko Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mnunuzi wa spika kubwa angefaa kulijua. Waliwasikilizisha wafanyakazi wa kampuni spika kadhaa mara mbili, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, zile kubwa zenye sura zilipanda alama, na seti ndogo ya bei nafuu ikashuka. Zilipofichwa, pengo lilipungua na ile ndogo ikasimama vizuri. Hawa hawakuwa watu wa barabarani. Walikuwa wakilipwa kwa kazi ya spika.

Nasi tulifanya letu Bamburi, kienyeji. Duka moja lilikubali tuchukue jozi mbili kwa dhamana, tukazipakia kwenye tuktuk mbili kwa kuwa moja haikutosha. Jozi ya kwanza kubwa, wufa ya inchi kumi na vumbi la dhahabu usoni. Ya pili nyembamba, wufa mbili za inchi sita na nusu, rangi ya mbao ya kawaida. Nikafunga kamba toka dirisha hadi mlango nikaanika leso zangu mbele yake, pamba nyepesi inayopitisha sauti. Yapunguza kidogo sauti za juu, nakubali, lakini yazipunguzia zote mbili. Kisha kazi ambayo watu huiruka, nayo ndiyo yenyewe: kulinganisha kiwango. Spika yenye kelele zaidi, hata kwa desibeli moja, hushinda bila haki. Msikilizaji haiiti kubwa, huiita nzuri. Nilicheza mvumo usio na noti, kama wa redio iliyopotea stesheni, nikaweka simu yenye kipimo cha desibeli juu ya kiti cha msikilizaji, nikaandika alama ya kitufe cha sauti kwa kila jozi. Simu si kipimo cha maabara, ila ikikaa mahali pamoja yatosha kulinganisha hiki na kile.

Jaji alikuwa mamangu. Mama ana miaka mingi ya taarabu masikioni, na hana haja na inchi. Nilimpigia udi, kisha ganuni, kisha sauti ya mwanamke na tashkota nyuma yake. Alikuwa na shanga mkononi akiendelea na tasbihi zake, akisikiliza kwa upande mmoja.

"Hii ya sasa," akasema.

"Ina nini, Ma?"

"Ule wa kwanza, udi una tumbo kubwa. Huu nasikia kucha."

Kucha ni zile nyembamba. Kakangu akaomba zibadilishwe pande. Tukabadilisha, mama akachagua kucha tena. Hapo kakangu akasema Mama hasikilizi sinema, hoja ambayo ilikuwa ya kweli, na nilimwambia tutafika huko. Lakini alikuwa ameshaisikia mwenyewe. Bado alizitazama zile za vumbi la dhahabu kila alipopita, na simlaumu. Zilikuwa na sura.

Nilichokitaka kakangu akione zaidi hakikuwa ndani ya spika zile. Kilikuwa nyumba yake.

Maelezo mengi tunayosoma kuhusu spika yameandikwa na watu wa Marekani, na nyumba nyingi za huko zina kuta za mbao zilizofunikwa bodi za jasi. Bodi hizo huyumba besi inapozigonga, na kuyumba huko hula sehemu ya besi. Nyumba zetu ni mawe na saruji. Ukuta wa matumbawe hauyumbi kwa wufa ya mtu. Besi yagonga, yarudi, yagonga upande wa pili, yarudi. Kwa hiyo spika ambayo mwandishi wa kule ameilalamikia kuwa besi yake ni pungufu, Bamburi huenda ikawa ya kutosha kabisa. Na ile aliyoisifu kwa besi nzito, hapa itakutoa nje ya nyumba. Sijawahi kuliona jambo hili likisemwa dukani, ilhali kwangu ndilo la kwanza.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, upate noti ambayo chumba chapenda kuishika. Sebule ya kakangu ina urefu wa mita 5.8: hezi 30. Upana mita 4.35: hezi 40. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi ni hezi 41. Waona mambo? Kila mpiga besi akigusa waya mzito, nyumba yaitikia. Na noti hizo zina nguvu zaidi kandokando ya kuta, zikififia katikati. Yeye sofa lake limebanwa ukutani, kama sofa za sote, ili katikati pabaki pa kupita wageni. Alikuwa amekaa penye mvumo mzito kuliko kote, akisema spika zina besi nzuri.

Tulivuta sofa mbele, kiasi cha mkono mzima. Tukazitoa spika ukutani pia, maana kila ukuta ulio karibu huiongezea besi ya chini, na kona ni kuta mbili pamoja na sakafu. Kuna spika zilizobuniwa kwa kona: Paul Klipsch huko Arkansas tangu miaka ya 1940 alitengeneza moja inayotumia kuta za nyumba kuwa sehemu ya honi yake, ule mdomo kama wa tarumbeta unaokuza sauti. Hiyo ilipigiwa hesabu. Hizi za kawaida ukizisukumia konani kwa sababu mkeo hataki zimzibe njia, waongeza chumvi kwenye chungu usichokionja. Wifi yangu alikubali nusu mita, baada ya mazungumzo.

Kisha makofi. Simama katikati ya sebule, piga kofi moja. Kwa kakangu lilijibu trrrr, likikimbizana kati ya taili za sakafu na dari tupu, na kati ya ukuta na madirisha ya vioo. Mlio huo ndio uliofanya kila spika tuliyoijaribu ionekane kali kwenye herufi s. Zulia nene mbele ya sofa, mapazia mazito yanayofungwa kweli, na rafu ya vitabu nyuma vilifanya kazi ambayo spika ya bei mara mbili isingeifanya. Zulia halizuii besi, lisikudanganye mtu. Latuliza sauti za juu tu.

Halafu kuna dirisha. Mwishoni mwa karne ya 19, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipokuwa akipima ukumbi uliokuwa na mwangwi mbaya, alichagua dirisha lililofunguliwa liwe kipimo chake: sauti ikitokea pale imekwenda, hairudi. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi ni mita moja ya mraba ya kumeza kamili. Sisi Mombasa twaishi humo. Madirisha wazi, upepo wa baharini ukipita, sebule yasikika laini, besi nyingine imeshuka mtaani kwa majirani. Funga madirisha uwashe eisi na chumba kimebadilika. Kwa hiyo sikiliza spika katika hali mtakayoishi nayo. Na uzime panka ukitaka kusikia udogo wa sauti, kisha uiwashe uone ni kiasi gani cha udogo huo utakibakisha kwa kweli. Si kingi. Mtu anayeishi chini ya panka asilipie spika kwa ajili ya utulivu ambao nyumba yake haina.

Sinema, basi. Hoja ya kakangu ilikuwa kwamba filamu zataka mshindo, na mshindo wataka spika kubwa. Nusu yake ni kweli. Katika mpangilio wa 5.1, ile nukta moja ni njia ya besi pekee, inayofika hezi 120, na imetengwa kwa ajili ya sabufa. Resiva yoyote ya maana, yaani amplifaya ya sinema, itakuuliza spika zako ni kubwa au ndogo, na hapo ndipo mwenye tolboi hujivunia akaandika kubwa. Mimi huandika ndogo, hata kwa spika inayonifika kifuani, nikikata kwenye hezi 80 kama THX, kampuni ya viwango vya sauti ya sinema, wanavyopendekeza. Chini ya hapo sabufa ifanye kazi. Spika hupumzika, amplifaya hupumzika, na sabufa waweza kuihamisha chumbani mpaka uipate kona ambapo mvumo ni sawa, wakati spika za mbele haziwezi kuhama kwa kuwa lazima zikabili sofa. Njia ya kuitafuta kona hiyo ni ya kuchekesha: weka sabufa juu ya sofa unapokaa, cheza besi, kisha utambae pembezoni mwa kuta ukisikiliza. Mahali besi ilipo sawa, hapo ndipo iende. Watoto wa kakangu walitambaa naye.

Lakini katika filamu anayefanya kazi kubwa ni spika ya kati, chini ya televisheni, ambayo karibu maneno yote ya waigizaji yatoka humo. Watu hutoa pesa zote kwa minara miwili halafu katikati wakaweka kijisanduku cha chenji iliyobaki. Matokeo wayajua: milipuko yaamsha mtaa, waigizaji wanong'ona, na mkononi umeshika rimoti ukipandisha na kushusha mpaka filamu iishe. Nilimwambia kakangu anunue tolboi ndogo kidogo, na tofauti ya bei iende kwa spika ya kati ya ukoo ule ule, ili mtu akitoka upande wa kushoto wa picha akapita katikati, sauti yake isibadilike. Jozi nyembamba ilikuwa na dada yake wa kati. Ile ya vumbi la dhahabu haikuwa naye. Hapo ndipo aliponyamaza kweli.

Kabla ya kulipa tulikagua mambo ambayo mwandishi wa nchi kavu hayaandiki. Chumvi ya hewa yetu huingia kila penye chuma kisichofunikwa. Vifungio vya waya nyuma ya spika vikishaota ukungu wa kijani, sauti huanza kukatika upande mmoja na mtu akalaumu amplifaya. Kwa spika kuukuu, zile zinazoingia kwa kontena, gusa ukingo wa wufa kwa kidole, taratibu. Sponji iliyochoka huacha unga mweusi kidoleni, na kwa unyevu wa pwani haitakaa. Fundi mzuri aweza kubadilisha ukingo, ila bei yake uitoe kwenye bei ya spika kabla hujaondoka. Mpira hudumu. Tazama pia chini, kwenye kitako: mbao za unga zilizobanwa zikinywa maji ya kupigia deki hufura pembeni, nazo hazirudi. Ndiyo maana misumari ya chini ya tolboi si ya urembo, ila kwenye taili iwekee vijisahani, la sivyo utaeleza mikwaruzo. Na chombo chenye stima yake kikiwa cha Marekani, soma volti kabla ya kuchomeka. Cha 120 hakisamehi.

Waya? Wa shaba, mnene wa kutosha, basi. Kijana wa duka alitaka kumuuzia kakangu waya wa bei ya sabufa. Nilimshukuru.

Sasa kakangu ana jozi nyembamba, dada wa kati na sabufa nyuma ya kiti cha mama. Bado huja akaipandisha sabufa desibeli tatu kupita nilipoiacha, na nikienda Ijumaa naishusha. Hatuzungumzi kuhusu jambo hilo.

Mimi nami nina mtihani wangu. Kuna mzee mmoja Nyali anayehama, anauza spika zake kwa bei ambayo ni ya heshima tu. Zina wufa ya inchi 15, honi ya katikati, nyepesi kiasi kwamba amplifaya ndogo yaziamsha. Sebule yake ni pana, dari juu, milango ya bustani wazi, na nilipokaa mita nne mbele yake nikamsikiliza msomaji wa habari, sikuwa na la kusema. Mtu alikuwa chumbani. Kwa sinema, kwa muziki, kwa sauti ndogo na kubwa, sijasikia bora kwa bei yoyote ninayoweza kuitaja mbele ya mume wangu.

Lakini mimi naishi Kibokoni, Mji wa Kale, kwenye nyumba ya zamani ya mawe na boriti. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba vyetu. Mti hauwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi ukabeba dari, kwa hiyo wazee walijenga virefu na vyembamba. Changu kina upana wa mita 2.7. Piga hesabu: hezi 64, katikati kabisa ya ngoma. Nikizipanga kwenye ukuta mrefu zitazame upana, honi na wufa zitakuwa karibu nami mno hazitaungana. Nitasikia juu na chini, si mtu mmoja. Nikizipanga mwisho wa urefu, zitagusa kuta pande zote mbili na mlango hautafunguka zaidi ya nusu. Nimepima kwa utepe, nikapima tena kwa matumaini, ukuta haukusogea.

Mzee asema atangoja hadi mwisho wa mwezi. Nimempa namba ya shemeji yangu wa Mtwapa, mwenye sebule ya mita nane na zulia.